KUINUA BODI YA GARI: KINACHOPANDA NA KISICHOPANDA

Ni matumaini yangu kwamba matope ya muhula huu hayajakuvua kiatu njiani kama yalivyonifanyia mimi. Sisi wa shule ya kutwa tunayajua matope kuliko wenzetu wanaolala bwenini.

Katika mjadala wa chama chetu muhula wa kwanza, mwanachama mmoja (simtaji, anajijua) alisimama akadai ati Kiswahili ni lugha ya mashairi, maamkizi na mahubiri, lakini ukitaka kuingia ndani ya injini utalazimika kukiacha mlangoni. Watu walimpigia makofi. Nilinyoosha mkono nimjibu lakini kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Basi jibu langu ndilo hili. Nataka kukueleza jinsi bodi ya gari dogo la matopeni inavyoinuliwa, na jinsi kazi hiyo ilipofanywa ovyo nusura imtoe roho mjomba wangu.

Mjomba anaishi Kinangop, chini ya milima ya Aberdare, na kazi yake ni kubeba maziwa. Kila alfajiri huzunguka kwa wakulima akikusanya mikebe, kisha huifikisha kando ya barabara kuu kabla lori la maziwa halijapita. Lori halimngoji mtu. Likishapita, maziwa ya watu yanabaki kuwa mala. Gari lake ni Suzuki SJ413, zile ambazo wengi huziita Sierra. Ni gari dogo, halifiki tani moja, injini yake ni ya sentimita za ujazo 1324, na springi zake ni za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine kama za lori. Kwa udogo wake linapenya mahali ambapo gari kubwa litazama na kuomba trekta.

Matatizo yalianza na tairi. Mvua zikinyesha, malori huchimba mifuo miwili mirefu barabarani, na katikati hubaki tuta. Gari la mjomba lilikuwa likikwama kwa sababu difu, yaani lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli, lilikuwa likiburura juu ya tuta hilo. Mtu mmoja sokoni akamshauri anunue tairi kubwa. Akanunua nne. Kufika nyumbani, akizifunga na kukata kona, tairi zinakwaruza madigadi kwa kelele ya kutisha. Ndipo gereji moja ikamwambia, "Hiyo si shida mzee, tutakuinulia bodi leo leo."

Kabla sijaendelea, lazima tuelewane bodi ni nini. Magari mengi madogo ya mjini yameundwa kama debe moja, huwezi kutenga chini na juu. Suzuki hii sivyo. Chini kuna chesisi: vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa. Juu ya chesisi ndipo penye injini, giaboksi, springi na ekseli. Halafu kuna bodi, yaani sakafu, milango, viti, dashibodi, pedeli na sehemu unayoishika ya usukani. Bodi haikuchomelewa kwenye chesisi. Imekalia raba kadhaa, na kila raba imepitiwa na bolti. Ukizifungua bolti zote, bodi inakuwa kama sufuria juu ya mafiga.

Fikiria mkokoteni wa punda ambao mtu ameweka kochi juu yake. Mkokoteni ni chesisi, kochi ni bodi. Sasa chukua matofali manne uweke chini ya miguu ya kochi. Anayeketi juu ataona mbali zaidi. Lakini ekseli ya mkokoteni je, imepanda? La hasha! Iko pale pale ilipokuwa. Kuinua bodi ndiko huko. Unaongeza nafasi kati ya tairi na madigadi ili tairi kubwa iweze kuingia, basi. Kinachoinua difu ni tairi yenyewe, si matofali.

Jambo hili nililithibitisha kwa rula ya sentimita 30, na nitakuja kwalo.

Ile gereji ya kwanza ilimaliza kazi alasiri moja. Walikata vipande vya mti wa mkaratusi, kila kimoja unene wa sentimita 5, wakatoboa tundu katikati, wakavipachika kati ya raba na bodi, wakaweka bolti ndefu walizozipata wapi sijui, wakakaza. Mjomba alirudi nyumbani akiwa na furaha kama bwana harusi. Gari lilisimama wima, tairi hazikukwaruza tena, watoto wa jirani wakaja kulitazama.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, alikuwa akiteremka kuelekea mtoni. Mikebe sita ilikuwa nyuma, na kando yake aliketi mkazamjomba na mtoto mchanga, wanakwenda kliniki. Akakanyaga breki. Pedeli ikaenda chini hadi sakafuni kana kwamba hakuna kitu. Akakanyaga tena, ikashika kidogo tu, nusu ya nusu. Alirudisha gia ya kwanza, injini ikalia kwa uchungu, kisha akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo na kulisuguza hapo mpaka likasimama. Mlango wa kushoto ulikwaruzwa wote. Maziwa yalimwagika. Mtoto, nasikia, hakuamka hata.

Mimi nilifika huko likizo ya Aprili, gari likiwa tayari limekokotwa hadi kwa fundi mwingine, mzee mmoja mwenye banda la mabati la jua kali. Mama hakutaka niende. Alisema nitarudi na grisi kwenye soksi, na kwa kweli nilirudi nayo. Mjomba huniita "mama" kwa kuwa nilipewa jina la mamake. Fundi naye aliniita "mwalimu" kwa sababu ya ile rula.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni bomba la breki lililokatika. Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo penye kiini cha somo lote. Pampu kuu ya breki imefungwa kwenye bodi, mbele ya pedeli. Magurudumu yako chini, upande wa chesisi. Kwa hivyo lazima bomba la chuma lishuke kutoka kwa pampu hadi kwenye chesisi. Bodi ikipanda sentimita 5, bomba nalo linatakiwa kuwa refu zaidi, au lilegezwe kwenye vibanio vyake na kukunjwa upya ili lipate ulegevu. Wale jamaa hawakuligusa. Walipopiga jeki, bomba lilivutika likakaza kama uzi wa gitaa, na kwa kuwa halikukatika papo hapo, wakadhani ni salama.

"Fundi," nilimwuliza, "mbona halikukatika siku ile ile?"

Hakunijibu. Alichukua kipande cha waya, akanipa, akasema nikivute nikikate. Nilishindwa. Kisha akaniambia nikikunje huku na huku. Mara ya kumi au ya kumi na mbili kikakatika kwa vidole. Bodi huchezacheza juu ya raba zake kila gurudumu linapoingia shimoni. Kila shimo lilikuwa likilikunja lile bomba palipo na nati, kidogo tu, na njia ya mjomba ina mashimo mangapi? Chuma huchoka kama mtu. Uzuri ni kwamba breki za gari hugawanywa katika mikondo miwili, mmoja ukitoboka mwingine unabaki. Ule uliobaki ndio uliowaokoa.

Halafu tukaitazama miti. Mkaratusi ulikatwa ungali mbichi. Mti mbichi ukikauka hunywea, na ukinywea, bolti iliyokuwa imekazwa inakuwa huru bila mtu kuigusa. Vipande viwili vilikuwa vimepasuka. Bolti moja niliizungusha kwa mkono mtupu. Sasa kama bodi inacheza kupita kiasi, na bomba limekaza, si unaona mambo yalivyokuwa yakisaidiana?

Fundi alikubali kuifanya kazi upya, lakini kwanza alitaka mjomba aelewe. Mjomba alikuwa akishikilia kwamba kuinua bodi kumelipandisha gari zima. "Mama," akaniita, "lete hiyo rula yako umwonyeshe huyu mzee." Nilijilaza chini nikapima kutoka ardhini hadi chini ya difu ya nyuma: sentimita 23 na nusu. Tukavitoa vipande vyote vya mti, bodi ikashuka. Nikapima tena: 23 na nusu. Mjomba akaja kulala chini mwenyewe asome rula kwa macho yake. Kisha fundi akafunga zile tairi za zamani, nikapima mara ya tatu: 20 na kitu.

Hesabu yenyewe ni hii, nawe unaweza kuifanya kwa tairi yoyote. Tairi za zamani zilikuwa 205/70R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo: asilimia 70 ya 205 ni milimita 143.5. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha ringi na mbavu mbili, ya juu na ya chini, utapata kipenyo cha milimita 668. Tairi mpya zilikuwa 235/75R15, nazo ukizipigia hesabu hiyo hiyo zinatoa kama milimita 733. Tofauti ni milimita 65. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hivyo inapanda nusu tu ya tofauti, yaani kama sentimita 3.3. Rula ilionyesha pungufu kidogo kwa sababu tairi zilikuwa zimekwisha kulika na hazikujazwa upepo sawasawa.

Kwa hivyo mjomba aliinua bodi sentimita 5, akatumia pesa, akahatarisha jamii yake, ili apate sentimita tatu na ushei chini ya difu. Sisemi hazina maana. Kwenye tuta la matope sentimita tatu ni tofauti ya kupita na kulala hapo. Nasema tu mtu ajue anachokinunua.

Na tairi kubwa zina deni lake. Kipenyo kimeongezeka kwa karibu asilimia 10, na mshale wa mwendo haujui hilo. Ukisoma kilomita 80 kwa saa, kumbe unakwenda karibu 88. Injini ndogo nayo inakuwa kana kwamba kila gia imerefushwa kwa kiasi hicho hicho, na kupanda mlima na mikebe kunakuwa kazi. Breki pia: nguvu ya breki iko pale pale lakini mkono wa kutoka kwenye ekseli hadi ardhini umerefuka, kwa hivyo kinachofika barabarani kinapungua karibu sehemu moja katika kumi na moja. Fundi alimshauri anunue 215/75R15, ambazo zingeinua ekseli kama milimita 18 tu na kuhitaji nafasi ndogo zaidi chini ya madigadi. Mimi pia nilimuunga mkono. Lakini mtu akishanunua tairi nne mpya hasikii fizikia.

Basi tukaanza. Vipande vya kuinulia safari hii vilikuwa vya nailoni ngumu, vilivyokerezwa kwenye mashine mjini kutoka kwa nondo nene ya mviringo. Kila kimoja kilikuwa na upana ule ule wa raba itakayokikalia, unene wa sentimita 5, na tundu la katikati lililoikaa bolti barabara, lisilochezacheza. Wengine hutumia alumini, ambayo pia ni nzuri. Mti, hapana. Vipande viwili vyembamba vilivyobebanishwa, hapana. Na unene usizidi hapo, kwa sababu bodi inaposukumwa ubavuni, wakati wa kukata kona au kugongwa, bolti inakuwa kama mti ulioshikwa chini na kusukumwa juu. Kadiri kipande kinavyokuwa kirefu ndivyo inavyokunjwa kwa nguvu zaidi.

Bolti zilitakiwa kuwa ndefu kuliko zile za kiwandani kwa sentimita 5 kamili, unene ule ule, na kichwani ziwe zimeandikwa 8.8. Maandishi hayo si pambo. Nane ya kwanza inamaanisha chuma hicho hukatika kikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 800 kwa kila milimita mraba. Nane ya pili inamaanisha huanza kunyooka bila kurudi kinapofika sehemu nane katika kumi za nguvu hizo, yaani 640. Zile za gereji ya kwanza hazikuwa zimeandikwa chochote. Tangu siku hiyo siwezi kupita karibu na bolti bila kusoma kichwa chake.

Siku mbili kabla ya kazi tulikuwa tumezimwagia bolti za zamani mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni. Usipofanya hivyo, nati iliyo ndani ya sakafu itazunguka pamoja na bolti na itabidi ukate sakafu. Siku yenyewe tulitoa waya wa betri, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, halafu tukafungua kila kitu kinachounganisha bodi na chesisi. Hapa ndipo fundi alipotumia muda mwingi kuliko pengine pote. Kunyanyua bodi kulichukua kama saa moja. Kutafuta viunganishi kulichukua asubuhi nzima, naye akanituma nipite chini na tochi, nitaje kwa sauti kila kitu ninachokiona kimeshika juu na chini kwa pamoja.

Cha kwanza ni usukani. Gurudumu la usukani unaloshika liko kwenye bodi, lakini sanduku la usukani limefungwa kwenye chesisi, na kati yake kuna fimbo yenye kiungo. Bodi ikipanda, fimbo hiyo inavutwa kutoka kwenye meno yake. Fundi alilegeza kiungo, na baada ya kuinua akahakikisha meno yaliyobaki ndani yameshika urefu wa kutosha na bolti yake ya kubana imeingia kwenye mfuo wake. Kama meno hayatoshi, fimbo hubadilishwa, haiungwi kwa kuchomelea na mtu wa kujaribu. Aliniambia kwamba breki ikikatika unayo gia, lakini usukani ukichomoka huna kitu.

Cha pili ni rediata. Hiyo imeshikwa na sehemu ya mbele ya bodi, ilhali feni inazungushwa na injini, nayo injini iko kwenye chesisi. Ukipandisha bodi, rediata inapanda na kuiacha feni chini, na lile koa la plastiki linaloizunguka feni linashuka… samahani, linapanda na kuja kukatwa na mapanga ya feni. Kwenye gari la mjomba koa lilikuwa limeliwa upande wa chini kama muhogo uliotafunwa na panya. Fundi alitoboa matundu mapya, akalishusha sentimita 5. Mipira ya maji ilitosha bila kuvutwa.

Mpira wa kujazia petroli ukaguliwe. Kama tangi limefungwa kwenye chesisi, mdomo unapanda na tangi linabaki, na mpira uliovutika utavuja. Kama limefungwa kwenye bodi, basi mabomba ya kwenda injini ndiyo ya kutazamwa. Lala chini uangalie, usiulize mtu. Kuna waya wa klachi, kwa sababu klachi ya gari hili huvutwa kwa waya, kuna waya wa mafuta wa kabureta, waya wa breki ya mkono, na nyaya za umeme. Ule waya mnene unaounganisha injini na bodi ni rahisi kuusahau, na ukikatika, umeme utajitafutia njia nyingine kupitia waya wa klachi na kuuchoma. Viko pia vijiti vya gia, vinavyotokeza kwenye sakafu: sakafu ikipanda, vijiti vinakuwa vifupi na vinaweza kugonga kingo za tundu, ukashindwa kuingiza gia moja. Gari hili lina vijiti viwili, cha giaboksi na cha kugawia nguvu magurudumu ya mbele. Fundi aliongeza tundu kidogo kwa tindo. Bampa zitabaki chini na kuacha pengo la kuchekesha, hilo halina hatari.

Kunyanyua kwenyewe ni hivi. Legeza bolti za pande zote mbili, lakini uzitoe za upande mmoja tu. Za upande wa pili zibaki zimeshika kwa nyuzi chache ili bodi isiteleze. Weka ubao mrefu mnene juu ya jeki ili uzito utawanyike, maana jeki tupu itatoboa sakafu, kisha inua polepole huku mtu mwingine akiita kila kinachoanza kukaza. Kazi ya kuita ilikuwa yangu. Nilipiga kelele mara mbili, mara moja kwa sababu ya kibanio cha bomba la breki kilichokuwa kimesahaulika. Ukifika kimo, weka magogo ya kuzuia ndipo uingize nailoni, na uisukume kwa kijiti. Kidole hakiingii pale hata siku moja. Jeki inaweza kuteleza na haitaomba msamaha.

Upande wa pili ni vivyo hivyo. Kisha tulikaza kwa kupishana, mbele kushoto, nyuma kulia, na kadhalika. Bomba la breki lililokatika lilibadilishwa lote, jipya likakunjwa mzunguko mmoja mpana kama pete ili liweze kunyooka na kurudi. Tukatoa upepo kwenye breki. Mjomba akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote huku mimi na fundi tukitazama kila nati kama imetoa hata tone. Usukani ulizungushwa kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikawashwa na kuzimwa mara kadhaa, kwa sababu inapowaka hutikisika na hapo ndipo feni hugusa kama itagusa.

Sasa niseme kidogo juu ya kupinduka, maana mwalimu wetu wa fizikia ataniuliza. Tulisoma katika kidato cha pili kwamba kitu husimama imara kikiwa na kitako kipana na kitovu cha uzito kilicho chini. Tuseme kitovu cha gari kilikuwa sentimita 60 kutoka ardhini, na umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni sentimita 130. Nusu ya 130 ni 65, na 65 kugawa kwa 60 kunatoa pembe ya kama digrii 47. Hapo ndipo gari lililosimama kwenye mteremko wa ubavu lingeanza kuanguka. Sasa bodi na waliomo, tuseme ni sehemu nne katika kumi za uzito, zimepanda sentimita 5, kwa hivyo kitovu kimepanda 2. Tairi zimeinua gari zima sentimita 3.3. Jumla 5.3. Ukirudia hesabu unapata chini kidogo ya digrii 45. Nilishangaa kuona kwamba tairi, ambazo hakuna anayeziogopa, zimedhuru zaidi kuliko bodi. Na hiyo ni gari tuli. Ukilipeleka mbio kwenye kona, au ukipakia mikebe juu ya paa, mambo ni mabaya zaidi.

Tena gari hili ni jembamba tangu kiwandani. Huko Marekani, ambako liliuzwa kwa jina la Samurai, jarida la Consumer Reports liliandika mwaka 1988 kwamba linapinduka kwa urahisi. Suzuki ilikataa katakata ikasema majaribio hayakuwa ya haki, ikaenda mahakamani mwaka 1996, na mwaka 2004 wakapatana. Mimi siwezi kuwaamulia. Najua tu kwamba mjomba tangu siku hiyo hakati kona kama zamani, na hapakii kitu juu ya paa.

Wengine wetu tumezipenda gari zilizoinuliwa kwa sababu ya Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchanga pesa za uzio wa kuzunguka Aberdare. Uzio huo, wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009, na nyumbani kwa mjomba si mbali nao. Lakini gari zile zina vyuma vya kuwakinga walio ndani zikibingirika, na zikitoka pale hazibebi mtoto kwenda kliniki. Ukitaka kubadilisha la kwenu, jambo la kwanza ni kuwauliza watu wa bima na wakaguzi wa magari, kabla ya fundi. Mjomba aliwauliza baada, akasumbuka.

Baada ya kilomita 100 tulirudi kukaza tena. Nati mbili za nyuma zilizunguka robo, zilizobaki hazikusogea. Nilizipaka rangi nyeupe kila moja, mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili mjomba aweze kuchungulia asubuhi aone kama mstari umevunjika. Amenipigia simu juzi kusema yote bado imenyooka, na kwamba lori la maziwa hajalikosa tangu Mei.

Vile vipande vya mkaratusi mkazamjomba alivichukua jikoni. Alisema vimekauka vizuri sana, na akatupikia chai navyo.